Mgongo Mtupu

Deki ya Bi Mwanakombo nimeifungua leo,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Skrubu tatu; ya nne ilikwishapotea zamani.
Nyuzi za mkonge zimejikunja ndani kama paka.
Hedi nimeisugua kwa spiriti, mpira nimebadili,
mota inazunguka, kanda inakwenda,
sauti hakuna.
Ni ule mvumo tu, shhh,
kama mtu anachemsha maji chumba cha pili.

Basi nikaigeukia aisi,
mdudu mweusi wa miguu kumi na sita.
Nukta moja begani ndiyo kibla chake:
ukishaiona unahesabu kinyume cha saa,
kama mahujaji wanavyotufu,
hadi urudi ubavuni mwa ulipoanzia.
Jina huandikwa mgongoni.
Mgongo huu mtupu.

Umekwanguliwa kwa msasa,
mikwaruzo mitatu ya kwenda, mmoja wa kukata.
Mkono huo naujua.
Ni wako, fundi Singano.

Ulikuwa ukitupa kisogo,
mimi na Kihiyo, wanagenzi wa chai na ufagio,
tunasikia krrr, krrr,
halafu unapuliza unga mweusi, unasema:
"Namba ni ugali wangu. Nikiuanika, kunguru watakula."
Kunguru alikuwa Dastani wa Makorora,
aliyewahi kununua redio nzima kutoka kwako
aipasue tu, asome.
Akakuta mgongo mtupu.
Ulicheka wiki mbili.

Ulipozikwa, Kihiyo alichukua mita,
mimi kopo la siagi
lenye aisi themanini na moja, zote hazina jina.

Nimegusa mguu wa tisa: volti kumi na mbili.
Nimeweka kidole mgongoni.
Aisi hai huwa na vuguvugu, kama yai lililotagwa sasa hivi.
Hii baridi.
Imekufa na siri yake. Mmefanana.

Siku tatu nachora njia zake
juu ya boksi la sigara, nafuta, nachora.
Ya nne, ndani ya deki iliyoungua transfoma,
ya bwana mmoja wa Mabawa asiyerudi kuifuata,
nikamwona pacha wake: njia zilezile,
na mgongoni herufi mbili, tarakimu nne.
Tarakimu nne tu, fundi!

Risasi ikayeyuka. Deki ikasema.
Kumbe ni cherehani, na Bi Mwanakombo kijana
anahesabu: "Hamsini, mia, mia na... wewe, zima hiyo!"
Amecheka mpaka kajifuta macho kwa kanga,
kalipa nusu, nusu mwisho wa mwezi.

Mfuniko bado sijaurudisha.
Msasa wako ninao, umebaki ukubwa wa stempu.
Shechambo, kijana wangu, anachungulia kutoka kwenye stuli:
"Fundi, hapo imeandikwaje?"
Nikamgeuzia kisogo,
kwa mazoea.
Halafu nikasogea kidogo, taa imfikie.