Hesabu za Baridi

Mkebe wa biskuti, ule wa buluu wa Idi ya mwaka juzi,
haujaona biskuti tangu hapo.
Umejaa risiti za fundi Chivatsi.
Usiku huu nimezimwaga kitandani,
Badi yuko jikoni anakoroga chai,
na mimi nahesabu baridi niliyoinunua.

Gesi, elfu nne.
Gesi, elfu nne na mia tano.
Kapasita, na nauli yake kutoka Mikindani.
Kuosha vichujio, kazi ambayo ningeifanya mwenyewe
kwa sabuni ya unga na mswaki mkuukuu.
Gesi.
Saketi, "ya Dubai, orijino",
iliyodumu wiki tatu na siku moja,
nilizihesabu kwa matone ndooni.
Gesi tena, na hapa risiti imelowa,
bei nimeikisia, na nimeikisia kwa hasira.

Jumla: mashine mpya na vyuma vyake vya ukutani,
na chenji ya kopo la samli.

Chivatsi si mwizi. Nataka hili lieleweke.
Huvua viatu mlangoni, huuliza goti la mama mkwe laendeleaje,
hupanda ngazi akiisemesha mashine
kama anayembembeleza mbuzi atoke shambani mwa watu.
Na kwa wiki mbili, wallahi,
tunagombea blanketi,
tunakuwa watu wa Limuru.

Lakini leo mchana alikuja na mwanafunzi wake, Umazi,
miaka kumi na tisa, bisibisi kaichomeka nyweleni.
Akachungulia nje, upande wa bahari,
ambako chumvi imekula rangi, imekula bati,
sasa imeanza skrubu.
Akalipaka povu la sabuni bomba la shaba.
Povu likavimba, likapasuka, likavimba.
"Mama," akasema, bila kumtazama mwalimu wake,
"gesi si sukari. Haiishi kwa kutumiwa.
Mmekuwa mkiipoza barabara."

Barabara!
Miaka mitatu nawapoza kunguru wa Tudor.

Chivatsi alinyamaza. Akafuta mikono, kidole kwa kidole.
"Umeona vizuri," akamwambia.
Neno hilo, nadhani, lilimgharimu kuliko mimi.

Basi nifanyeje?
Wenye methali ya ufa na ukuta wasijisumbue kupanda ngazi zetu,
mimi ufa nimeuziba mara sita,
na kila mara nimeziba ufa wa jirani yake.
Ninunue mpya? Chumvi haiheshimu mpya,
itaila kwa hamu zaidi.
Nitie saini mkataba wa mwaka na wale wa Nyali,
wenye shati za kola
na simu inayokupigia muziki hadi salio liishe?
Nirudie pangaboi,
linalogawa joto lile lile kwa haki, kila mtu fungu lake?
Machi hii? Machi,
mto unapokuwa na pande mbili na zote zimelowa?

Umazi asema ataliunga bomba kwa moto,
kisha alipake rangi ya mashua. Elfu tatu.
Hakusema "orijino". Hakusema "usijali".
Alisema, "Huenda likadumu."
Hiyo huenda yake nimeiamini
kuliko hakika zote zilizomo mkebeni.

Nimekata shauri. Kesho liungwe.
Ikifa tena kabla ya masika, ni chuma chakavu,
nitaiuza kwa kilo na sitaisindikiza.
Na nisije nikasahau, moyo ukalainika kwa joto,
nimepanda kiti na kalamu ya wino mzito
niandike ubavuni mwake, panapotazama pembe ya ukuta:
MARA YA MWISHO.

Palikuwa na maandishi.

"Ya mwisho kabisa. Machi." Mwaka juzi.
Chini yake, wino mwingine:
"Wallahi ya mwisho." Mwaka jana.
Mwandiko wa Badi, herufi zake zenye mikia mirefu.

"Badi!"

Kijiko kikaacha kukoroga.

"Usisome," akasema.

Palibaki nafasi ya mstari mmoja.
Nikaifungua kalamu kwa meno.