Jozi Namba Tisa

Leo tena nimesimama foleni nje ya stoo ya Lang'ata,
blanketi begani, mkanda, kikombe cha bati, chupa ya maji iliyobonyea,
na karani anaita kila kitu kwa jina lake
kana kwamba vitu ndivyo vilivyokwenda vitani.

Ukungu wa Julai umeshika mabati.
Ulikuwa hivihivi siku ile ya mgeni.

Wiki nzima tulipaka chokaa:
mawe ya njia, mashina ya miti, ndoo za kuzimia moto,
mpaka mbwa wa mpishi akapita penye ubichi
akazunguka kambi nzima kwa soksi nyeupe
na Sajini Odenyo akaapa atamfungulia mashtaka.
Kisha vikaja viatu, gunia kwa gunia,
vyeusi, vikinuka mafuta na ng'ombe wa nchi nyingine.
"Vya kuazima," akasema Odenyo. "Jioni vinarudi."
Mimi nilipata vikubwa, nikavishindilia gazeti.
Arap Koros alipata namba tisa,
na mguu wake ulikuwa haujawahi kuulizwa namba.

Tulijipanga tangu saa kumi na moja alfajiri.
Watoto wa shule waliletwa kwa lori kutoka Pumwani,
kila mmoja na kibendera cha karatasi;
umande ukalowesha rangi, nyekundu ikawachuruzikia viganjani.
Hakuna aliyekohoa.
Saa nne ndipo mlango wa gari ukafunguka.

Nilitarajia nini? Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Nilidhani mwana wa mfalme angalau kivuli chake kitakuwa tofauti.
Alikuwa kijana. Alikuwa na mafua.
Kidevuni alikuwa amejikata na wembe,
na kikaratasi bado kimegandia pale, na tone la damu lililokauka.
Hotuba yote imenitoka.
Kikaratasi kile bado ninakiona.

Akasimama mbele ya Koros, si mbele yangu,
akauliza kitu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia.
"Mtukufu anauliza, u hali gani?" akasema mkalimani.
Na Koros, aliyelelewa kutomdanganya mgeni,
akajibu akitazama mbele: "Viatu vinabana."
Kiingereza changu kilikuwa cha maneno arobaini.
Katika jibu alilopelekewa mgeni, "furaha" nililisikia.
"Viatu" sikulisikia.
Mgeni akatabasamu, akapenga kamasi, akasogea.

Jioni viatu vya Koros vilikataa kutoka.
Tulivuta watu watatu, mwenyewe kashika nguzo ya hema,
tukaanguka chali kwa kucheka, naye akicheka, machozi yakimtoka.
Odenyo akachoka, akaandika daftarini:
Koros, jozi moja, namba tisa, anadaiwa.

Nilimwandikia mama: nimemwona mwana wa mfalme.
Jibu likaja kutoka Mwala kwa mwandiko wa mwalimu:
mama yako anauliza, huyo mtoto alikuwa amekula?

Viatu vililegea vyenyewe, huko Burma, kwa mvua.
Mwezi wa nne wa matope vikawa kama ngozi yake.
Akaringa navyo. Haya, akasema, sasa niulizeni hali.
Siku ya mto sitaisimulia hapa foleni.

Karani amefika kwangu. Blanketi, tiki. Mkanda, tiki.
Kisha kidole chake kinashuka hadi mstari wa zamani,
wino umefifia ukawa rangi ya chai:
"Na huyu Koros wa kombania yenu,
mbona jozi yake haijarudi?"

Nyuma yangu watu wanasukumana,
wanataka nauli, wanataka makwao.
Nina maneno mengi sasa, yamepita arobaini,
na hakuna mkalimani kati yetu.
"Andika," namwambia, "vilikuwa vinabana."

Anainua kalamu,
anangoja niendelee.