Buluu Inakwenda Wapi

Juu ya paa la dobi la zamani, mjini Tehuacán,
nimelaza mirija kumi na miwili ya kioo,
imeelekea kusini kama watu wanaoota jua.
Ndani yake vipande vya chupa za bia
nilivyovipaka unga mweupe wa titani,
ndugu wa ule uliomo katika rangi ya ukuta na dawa ya meno.

Mama amepanda ngazi na kiti chake.
Hermelinda Xochihua: miaka kumi na tisa
ya kufua suruali za jinzi asizowahi kuzivaa.
Kucha zake zina buluu ambayo limau halikuitoa,
wala dawa ya madoa, wala kustaafu.
"Haya, nionyeshe."

Nafungua koki. Maji ya mtaro yanaingia
mazito, yananuka yai viza.
Saa nne, buluu ya usiku.
Saa tano na robo, buluu ya anga.
Saa saba Mama anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena:
maji yamekuwa maji.

"Imekwenda wapi?"

Namweleza. Mwale wa jua ukigonga unga,
elektroni inakurupuka, inaacha tundu,
na tundu lile lina njaa, linayapora maji,
na maji yaliyoporwa yana hasira,
yanaivunja rangi pingili kwa pingili.
Na unga? Unga uko vilevile.
Ni mshenga, Mama, ila mshenga wa talaka:
avunja ndoa za watu, arudi kwake mzima,
kesho apige hodi kwingine.

Hacheki. Anakohoa.
"Msimamizi wetu alimwaga klorini, maji yakang'aa.
Kichwa kiliniuma juma zima.
Kutoonekana, mwanangu, si kutokuwapo."

Nami nina kalamu mkononi, nimeshaandika *sa* ya *safi*.
Napima.
Rangi imekufa, lakini mifupa yake bado inaogelea:
anilini, vijipande visivyo na rangi wala haya.
Naikata ile *sa*.

Tunayaacha juani. Tunakula tamale baridi.
Wingu linatoka upande wa milima,
linakaa juu yetu kama mgeni asiyejua saa,
na mirija yote kumi na miwili inalala nalo.
Likiondoka, tunaanza tena kuhesabu.
Saa kumi na moja napima mara ya tatu.
Mshale umelala chini kabisa.

Lita arobaini.

Pale chini mtaro unapita na lita zake
zisizo na mwenye kuzihesabu,
unaingia kwenye mahindi ya Don Crisóforo,
buluu, hauna haraka.

Mama anachovya kidole katika ndoo yetu.
Hanywi. Si mjinga.
Anachota kikombe, anamwagilia mche wa pilipili
aliouotesha kwenye kopo la maziwa,
kisha anageuza kiti kiutazame.
"Tuupe wiki," anasema.