Alilala Zamu

Afande Mwenyekiti wa Baraza, Bombo,
nimepanda basi la usiku kutoka Arua
na bahasha ya kaki kifuani, chini ya shati,
pale nilipokuwa nikiweka picha ya Ezaru
kule Mogadishu. Pakwach nilishuka kukojoa,
nikaigusa. Ipo.

Ndani mna karatasi ambayo kwa miaka minane
sikujua inasema nini. Ni ya Kiingereza.
Mimi niliapa kwa Kiswahili, nikaamrishwa kwa Kiswahili,
nikalia kwa Kilugbara.
Aliyenisomea ni kijana wa duka la fotokopi:
"Mzee, wameandika tabia: mbaya.
Umeachishwa kwa kulala usingizi kwenye zamu."
Akanirudishia chenji mezani, si mkononi.

Kumbe ndiyo maana kampuni ya ulinzi ilinirudisha mara tatu.
Ndiyo maana shemeji, aliyesoma,
aliacha kuniachia ufunguo wa ghala la tumbaku
na hakusema kwa nini.

Afande, niseme ya usiku ule.
Siku tisa kabla, gari la maji lilikuja kizuizini
na halikuwa na maji.
Nilimkusanya Okwalinga ndani ya neti yake ya mbu.
Tangu hapo sikufumba jicho. Nilihesabu mifuko ya mchanga,
nikamaliza, nikaanza upya.
Usiku wa kumi, lori likabadilisha gia huko mbali,
na mwili ukajiamuru wenyewe: Lala!

Wewe unaijua amri hiyo.
Kabamba tulipigiwa kelele hiyo tangu alfajiri,
Lala! na kuruti wote kifudifudi kwenye tope,
macho wazi, bunduki mbele,
wala hakuna aliyeshtakiwa kwa usingizi.

Sajini Twesigomwe alinimulika tochi.
Akaandika kwenye daftari maneno mawili: *alilala zamu.*
Hakusema uongo. Nililala.
Karani wa makao makuu, ambaye sikumwona kamwe,
ndiye aliyenifunika blanketi kwa Kiingereza.

Sajini yuko Ntungamo sasa, ana ng'ombe na sukari ya damu.
Nilimfuata. Barua yake ni kiambatisho cha pili:
*Macho yake yalikuwa wazi. Nilidhani ni ukaidi.*
Aliponisindikiza barabarani akauliza,
"Mbona hukuniambia?"
Nikasema, afande, usiku ule sikuwa na mdomo.

Jina langu ni Onzima. Kwetu maana yake "mimi mbaya."
Baba hakunichukia; alikuwa akiwajibu majirani
waliomsema mama. Kwetu jina ni barua ya wengine,
mtoto ni bahasha tu.
Kwa hiyo ubaya mmoja nimezaliwa nao, nauelewa,
nauitikia hata sokoni.
Huu wa pili haukutoka kwa baba.

Nikisema sitaki pensheni nitakuwa mwongo.
Nataka. Paa linavuja, na Ezaru anadaiwa karo.
Lakini hata mkinyima fedha, badilisheni neno.
Andikeni aliugua. Andikeni aliishiwa.
Andikeni hata "hatujui," mtakuwa mmenikaribia.

Ni mimi,
Onzima Drici, aliyekuwa koplo.

*

Haya ya mwisho hayamo katika barua.

Kapteni Nabwire aliipokea dirishani,
akalamba kidole, akahesabu.
"Nakala tatu," akasema. Ninazo mbili.
Ng'ambo ya barabara umeme umekatika,
mashine ya fotokopi imefunikwa kitenge.
Rudi kesho.

Jioni askari wa lango, kijana, pengine rika la Ezaru,
akanihurumia. Akanionyesha benchi chini ya taa:
"Mzee, lala hapo. Hakuna atakayekusumbua."

Nikamshukuru.
Nikamwambia nitakaa.