Siku ya Sita

Gotthard ametandaza ramani juu ya meza ya cherehani,
akazibana pembe zake kwa mkasi wangu, kopo la vifungo,
chumvi, na kiko chake ambacho hakijawaka tangu Pasaka.
Miaka ishirini na sita amewaendesha wageni.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
nasi bado tunaugua kodi ya nyumba.
Sasa kampuni imemstaafisha, ikampa saa ya ukutani
na hema lililotoboka mlangoni.
"Safari hii," asema, "abiria ni ninyi."

Anaanza kwa sauti ya kazini:
"Siku ya kwanza, mabibi na mabwana, tutaondoka Windhoek alfajiri..."
Namwambia, Gotthard, mimi ni mkeo.
Nieleze mafuta ni lita ngapi.

Basi tunahesabu.
Lita mia mbili na ushee.
Tairi mbili za akiba, maana barabara ya Uis
hula mpira kama mbuzi alavyo nguo zilizoanikwa.
Maji, madumu manne. Nyama kavu ya mjomba Ewald.
Unga. Majani ya chai. Tochi ya Mbapewa,
ambaye ana miaka saba na ameandika orodha yake mwenyewe:
simba, simba, kifaru, barafu ya kulamba.

Kuhusu simba nina neno.
Baba yangu alimwona simba bila kiingilio,
mara moja, usiku, zizini,
ikamgharimu ndama tisa.
Leo nilipe nikamtazame akipiga miayo?
Gotthard anacheka mpaka mkasi unaanguka,
ramani inajikunja, Etosha nzima imefumbwa kama leso.

Lakini kisima cha Okaukuejo nakitaka.
Amenisimulia mara mia: taa hafifu, ukuta wa mawe,
watu wa mataifa sita wameuma ndimi zao,
na kifaru anatoka gizani bila kuitwa,
anakunywa,
na pumzi yake yasikika hadi kwenye mabenchi.
Mimi miaka yote hiyo
nilisikia pumzi ya cherehani.

Uerikondjera hataki kifaru. Anataka siku ya sita.
Anataka kuteleza na ubao kwenye vilima vya mchanga,
viatu mkononi, picha, mawimbi.
"Maji ni baridi," baba yake anamwonya. "Ukungu hadi adhuhuri,
mnazi hakuna hata mmoja. Wageni hununa:
wamefunga nguo za kuogelea, wananunua sweta."
Hajali. Ana miaka kumi na tisa.
Ameshachagua miwani ya jua.

Kisha kidole cha Gotthard kinafika Swakopmund
na kusimama.
Nakijua kidole hicho.
Miaka yote alipowafikisha wageni pale
kiliwaonyesha mnara wa taa, gati, duka la keki.
Hakikuonyesha nyuma ya mji, jangwa linapoanzia,
vichuguu vya mchanga, safu kwa safu,
visivyo na majina.
Hakuulizwa. Haikuwemo kwenye ratiba.

Bibi wa bibi yangu alipelekwa pale kwa behewa la mizigo,
tiketi ya kwenda tu.

"Siku ya sita," nasema, "asubuhi. Kabla ya ubao, kabla ya barafu."
Anaandika. Kalamu imekauka; anarudia juu ya alama
mpaka karatasi inakaribia kuchanika.
Nami navuta kitambaa: gauni refu la mikunjo,
na kilemba chenye pembe mbili, kama za ng'ombe,
kwani siendi kwa wakubwa wangu kichwa wazi.
Mbapewa, ulimi nje, anaongeza kwenye orodha yake
kwa herufi zinazoyumba:
mawe madogo, manne, mfukoni.
Kila mtu aweke lake, aseme jina lake,
halafu ndipo twende tukaguse maji.

"Ni baridi kweli?" namuuliza usiku, taa imezimwa.
"Baridi," asema. Anageuka ukutani, kisha anarudi.
"Lakini funga taulo."