Pishi

Shaabani imeingia na mimi nadaiwa siku tisa.
Nimezichora kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko,
vijiti tisa, kama meno ya kitana,
na kila Jumatatu na Alhamisi, kwa adhana ya magharibi,
nafuturu kwa tende moja na maji ya mtungi
kisha nafuta kijiti kwa kidole gumba.

Hilo ndilo deni jepesi.
Mwenye nalo ni Mwingi wa kusamehe.

Lipo jingine juu ya kabati, limefunikwa kawa:
pishi ya bati ya marehemu mume wangu,
aliyowapimia wachumaji karafuu mbichi.
Usiku mmoja alikigonga kitako kwa nyundo
kikatuna kwa nje kama tumbo la mtoto mwenye safura.
Tangu hapo, ukiiweka mezani huyumba.
Mimi ndiye niliyemshikia taa.

"Kidogo tu," alisema. "Nusu kibaba. Nani atajua?"

Misimu saba.
Walishuka na mapakacha, vidole vyeusi kwa utomvu,
wakamimina, nami nikahesabu kwa sauti,
moja, mbili, tatu,
na kwa sauti yangu watu walilala na njaa.

Binti yangu Raya, yule wa Jadida,
ameshatuma ujumbe wake wa Shaabani:
*Nisameheni nilipokosa, kwa kujua na kwa kutojua.*
Maua mawili, mwezi mchanga mmoja,
watu mia mbili na kumi kwa kubonyeza mara moja.
Umenifikia na mimi. Nikamjibu: nimekusamehe, mwanangu.
Sikumuuliza nini.

Simu yangu haina namba ya Chumu Faki.
Haina namba ya Mbwana Shoka,
aliyeanguka mkarafuuni akateguka nyonga
na siku ile ile tukampimia kwa pishi hii.

Wiki ya kwanza nikavuka Kojani.
Chumu alinicheka mpaka kanga ikamvuka.
"Bibi we! Sisi tulijua tangu msimu wa pili.
Tukitia makonyo na majani chini ya pakacha.
Tumeshalipana zamani!"
Nikacheka na mimi. Lakini njia nzima ya kurudi
kicheko kilinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Wiki ya pili, Mbwana.
Alizipokea pesa, akazihesabu mara mbili,
akazitia chini ya mkeka.
"Pesa nimepokea," alisema. "Radhi, ngoja kwanza."
Nikangoja.
Akawasha redio.

Usiku wa nusu Shaabani tulisoma Yasini tatu,
ya umri, ya riziki, ya mwisho mwema.
Kwenye ile ya riziki ulimi uliniteleza,
nikasikia bati likigongwa, ngo, ngo, ngo,
na mkono wangu wa taa haukutikisika.

Sasa zimebaki siku kumi.
Majirani wanapanga vunja jungu,
wanaulizana nani ataleta kuku, nani ataleta boko-boko.
Mlangoni vimebaki vijiti viwili.
Leo nimeishusha pishi, nimeisugua kwa majivu na ndimu.
Nilitaka kuitupa chooni.
Nilitaka kumpa fundi aitoboe iwe taa.
Kisha nikakumbuka fitra:
kichwa kimoja, pishi moja ya mchele.

Basi nitapimia hii hii.
Kitako kibaki kilivyotuna.
Nusu kibaba irudi ilikotoka,
kila mwaka, mpaka nife,
au mpaka Mbwana azime redio.

Umeme umekatika. Najaribu kipimo ukumbini,
mjukuu wangu Msanifu kanishikia tochi ya simu.
Mtoto ana macho. Anaigeuza, anaichungulia.
"Bibi, pishi hii kubwa. Unajipunja."

Shika taa vizuri, namwambia.
Haya, mimina.
Mimina mpaka juu pawe na kilima.