Neno la Ishirini na Moja

Mwalimu Rwechungura, mgeni wa kusini,
aliandika ubaoni maneno ishirini
na pembeni namna ya kuyatamka:
"sel", fupi, kama umejing'ata;
"nyuklias", usivute mwisho;
"fanjai", wengine husema "fangai",
msigombane, mtihani hauna masikio.

Jioni, Kitangari, nakariri
nimekalia gunia la salfa.
Mama, viganja bado vya njano:
"Hiyo fanjai ndiyo nini?"
Nikamsomea kama ilivyo:
kiumbe hai kisicho na klorofili,
hakijipikii, hula cha wenzake.
"Basi ni mjomba wako Likapa."
Tukacheka mpaka taa ya sola ikafifia.
Halafu akanyamaza.
"Kuna kinachoota kwenye ua la mkorosho,
cheupe, ukigusa kinabaki kidoleni…"
Huohuo, mama. Ubwiriunga.
"Fanjai," akasema,
sawasawa, mara ya kwanza,
kuliko hata Chilumba anayeshika namba moja.
Akalirudia akinawa mikono,
kama mtu aliyeonyeshwa sura ya mwizi wake.

Asubuhi mwalimu akataka mfano.
Wote: ukungu wa mkate, ukungu wa mkate,
na mkate wenyewe tunauona Idi.
Nikasimama na ubwiriunga.
Akapekua kitabu, hakuukuta.
Akachukua chaki, akauandika,
chini kabisa, neno la ishirini na moja.
"Maana yake?"
Ya kitabuni sikuwa nayo.
Nikampa ya nyumbani:
ndio uliokula ada ya kaka ya Veta
ikiwa bado ua.